Safari ya Kwenda Tunaichangia, ya Kurudi Je?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Jilore juu ya mgonjwa aliyepitishwa mrija wa moyo)



Wengine wenu mlituuliza mlangoni kwa nini leo hatuzungumzi juu ya mikopo ama mbuzi wa maziwa. Mikopo ina siku yake. Leo tunataka tuzungumze juu ya tundu, na si tundu kubwa. Upana wake ni kama njiti ya kiberiti tu, na linabaki kwenye kinena cha mtu aliyekwenda kupimwa ama kutibiwa moyo kwa mrija.

Sababu yetu ni hii. Tumeona vikundi vikiuza mahindi, vikiuza korosho, vikiitisha harambee mpaka shilingi ya mwisho, ili mwenzao afike Mombasa ama Nairobi kwa daktari wa moyo. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mgonjwa akisharudi, watu wanapiga vigelegele, wanakula chai, wanakwenda zao. Asubuhi yake mama yule yule anaonekana njiani na mtungi kichwani. Pesa ya kwenda ilipatikana, ya kurudi hakuna aliyeifikiria, na lile tundu bado bichi.

Kwanza tuelewane ni kitu gani kinachofanywa, maana maneno ya mtaani ni mengi. Moyo wenyewe nao unalishwa na mishipa ya damu. Mishipa hiyo ikiziba, mtu anabanwa kifua, anakosa pumzi, na pengine anakufa ghafla. Daktari akitaka kuiona hapasui kifua. Anachoma sindano kwenye mshipa mkubwa, anapitisha waya mwembamba ndani ya sindano, kisha juu ya waya anateleza mrija laini mpaka moyoni. Halafu anapuliza dawa ya rangi na kupiga eksirei. Njia hii ya sindano, waya na mrija ilitolewa na daktari wa Sweden, Seldinger, mwaka 1953. Mtu wa kwanza kujulikana kwa kupitisha mrija mpaka moyoni alikuwa Mjerumani, Werner Forssmann, mwaka 1929, naye alijipitishia mwenyewe, kupitia mkononi, kisha akaenda kwa miguu mpaka chumba cha eksirei ili picha ishuhudie. Wakubwa wake hawakufurahi, lakini mwaka 1956 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Mwaka 1977, huko Zurich, Andreas Grüntzig akaongeza kibofu kidogo kwenye ncha ya mrija na kukijaza mle mle ndani ya mshipa wa moyo ili kuuzibua. Siku hizi mara nyingi huachwa na bomba dogo la waya, wanaloliita stenti, ili mshipa usijifunge tena.

Sasa, mishipa iko ya aina mbili. Iko inayorudisha damu moyoni, na iko inayoitoa moyoni, ndiyo ateri. Ule wa kurudisha ukikatwa damu inachuruzika. Ateri ikikatwa damu inaruka, kwa kila pigo la moyo. Na mgonjwa huyu ateri yake imetobolewa makusudi, tena huku amepewa dawa ya kuzuia damu isigande. Basi mrija ukishatolewa, swali ni moja: tundu litafungwaje?

Njia ya kwanza na ya zamani ni mkono. Muuguzi ama daktari anaweka vidole na kubana kwa nguvu, dakika 15 ama 20, bila kuachia. Halafu mgonjwa analala chali saa 4 mpaka 6, mguu umenyooka, pengine na kifuko cha mchanga juu yake. Waliopitia njia hii tukiwauliza, moyo hawautaji kabisa. Wanataja mgongo. Wanasema mgongo uliuma kuliko kitu chochote, na kwamba kukojoa huku umelala, mbele ya muuguzi mwenye umri wa mjukuu wako, ni jambo la kumtoa mtu machozi. Mama mmoja alijizuia kunywa maji siku nzima ili asiombe chombo. Hilo halifai, kwa sababu ile dawa ya rangi inatakiwa itoke kwa mkojo, na figo zinahitaji maji. Mwambieni mgonjwa wenu mapema kwamba chombo kile ni sehemu ya matibabu, asione haya.

Njia ya pili ni kizibo. Vifaa vya namna hii vilianza kutumika hospitalini katika miaka ya 1990. Kimoja kinachojulikana sana kinaitwa Angio-Seal. Fikirini kifungo cha shati. Kipande kidogo bapa kinakaa ndani ya mshipa, sponji ndogo inakaa nje ya mshipa, na uzi unavivuta mpaka vinabana ukuta wa mshipa katikati yake, na tundu linazibika. Vyote vitatu huyeyuka mwilini kwa muda wa siku 90 hivi. Sponji hiyo ni kolajeni, nayo inatokana na ng'ombe. Tunalisema hili kwa ajili ya majirani zetu Waislamu, ambao huuliza kama ni nguruwe. Kifaa kingine, Perclose, ni uzi wa kushona mshipa kutoka nje, na uzi huo hauyeyuki, unabaki.

Waliofungwa kwa kizibo wana maneno tofauti. Wanasema palikuwa na mvuto mkali wa muda mfupi, kama mtu anayekaza kamba, halafu kwisha. Wanashangaa kwamba baada ya saa chache waliambiwa wakae, na baadaye wasimame. Halafu nyumbani, wakioga, wanagusa kinena na kukuta kitu kigumu kama punje ya kunde chini ya ngozi. Hapo usingizi unapotea. Punje ile, kama haikui wala haidundi, ni kizibo chenyewe na kovu lake, itapungua pole pole. Michubuko ya rangi ya zambarau inayoshuka pajani na kugeuka manjano nayo ni ya kawaida, hata ikitisha macho.

Je, kizibo ni bora kuliko mkono? Hapa tuwe waangalifu, kwa sababu watu hudhani kitu cha bei lazima kiwe ndicho salama. Mwaka 2014 ulitolewa utafiti mkubwa wa Ujerumani wa wagonjwa 4,524 waliopimwa moyo kupitia kinenani. Damu ya waliowekewa kifaa ilisimama kwa dakika 1 hivi, ya waliobanwa kwa mkono kwa dakika 10. Lakini matatizo ya tundu yalikaribiana, karibu wagonjwa 7 kwa kila 100 upande wa kifaa, na karibu 8 kwa kila 100 upande wa mkono, mengi yakiwa ni damu kuvilia chini ya ngozi. Kwa hiyo kifaa kinaokoa muda na kumpunguzia mgonjwa tabu ya kulala chali, nalo si jambo dogo. Aliyebanwa kwa mkono asijione ametibiwa kimaskini. Na aliyewekewa kizibo asijione amepona kesho yake. Kusimama mapema hospitalini si kulima mapema shambani. Hili la mwisho ndilo tunaloliogopa zaidi.

Njia ya tatu ni kukiacha kinena na kupita mkononi, kwenye kifundo. Lucien Campeau wa Montreal aliionyesha mwaka 1989, na sasa madaktari wengi wanaianza hiyo wakiweza, kwa sababu mshipa wa pale ni mdogo, uko juu juu, na ukivuja unaonekana na kubanika kwa urahisi. Mgonjwa anavalishwa bangili ya plastiki yenye hewa kwa saa kadhaa, na anaweza kukaa kitako na kwenda msalani mwenyewe. Mkiwa na nafasi ya kuuliza kabla, ulizeni: "Daktari, mkono unawezekana?" Kama jibu ni hapana iko sababu, msibishane naye.

Tuje nyumbani sasa. Huku kwetu Pwani neno "mshipa" lina shida yake. Ukisema bwana fulani ametibiwa mshipa wa kinena, kila mtu anajua kwake yeye ni ngiri ama busha. Tunamjua baba mmoja aliyerudi na bendeji pale, akasikia watoto wanacheka, akajifungia ndani. Hakumwonyesha mtu yeyote lile tundu, wala mkewe. Siku ya tatu palikuwa pamevimba ukubwa wa chungwa na panadunda kama moyo wa pili. Alipelekwa hospitali akatibiwa, akapona, lakini uvimbe ule ulianza siku mbili nyuma na ungeonekana mapema kama si haya. Basi viongozi wa vikundi, mgonjwa akirudi semeni waziwazi kwenye mkutano: ametibiwa moyo, na njia ya kufika moyoni imepitia kinenani. Kwisha maneno.

Halafu safari. Toka Mombasa mpaka Malindi ni kilomita kama 120, na Jilore bado. Mtu aliyetobolewa kinena jana hafai kukunjwa katika kiti cha nyuma cha matatu, na magunia juu ya magoti. Kwenye boda boda ndiyo kabisa hapana. Kupanda tu, kule kutupa mguu juu ya kiti, kunavuta pale pale penye tundu. Akiweza alale usiku mmoja wa ziada kwa jamaa ama penye malazi karibu na hospitali. Siku ya kusafiri apewe kiti cha mbele, mguu unyooke, gari lisimame Kilifi ashuke atembee kidogo. Awe na mtu pembeni anayejua kubana.

Kubana kwenyewe ni hivi. Damu ikianza kutoka, mgonjwa alale chali papo hapo, hata ikiwa ni kando ya barabara. Anayemsaidia aweke kitambaa safi, abane kwa kiganja ama vidole vitatu, kwa nguvu, juu kidogo ya tundu la ngozi kuelekea tumboni, maana tundu la mshipa liko juu kuliko la ngozi. Dakika 10 kwa saa, bila kuchungulia. Kila ukichungulia unaanza upya. Damu ikiruka, ama ikikataa kusimama, gari litafutwe huku mkono uko pale pale, mpaka hospitali. Msifunge kamba pajani, na msimwage majivu wala unga wa dawa.

Na tunawaomba, hata anayetukasirikia atuvumilie: msikande. Tunajua uvimbe wowote kwetu unakandwa kwa maji moto, na bibi mwenye mkono mzuri anaitwa auchue. Uvimbe wa mguu ulioteguka ni jambo jingine. Huu ni damu iliyosimamishwa na kizibo ama na donge la damu, na kuuchua ni kuufungulia mlango. Hata chale zisipigwe hapo.

Kazi za nyumbani kwa wiki ya kwanza si zake. Kwa kawaida mgonjwa huambiwa asinyanyue kitu kizito zaidi ya kilo 5 hivi. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Mtoto wa miaka miwili mgongoni ni zaidi ya kilo 10. Kuni, jembe, kinu na mchi, vyote vikae. Asioge mtoni Sabaki wala ziwani, tundu lisilowe ndani ya maji machafu. Maji ya kujimwagia yanatosha, kisha apakaushe. (Mamba nao hawajui habari ya moyo.) Watu wa ndoa nao wavumiliane siku chache. Choo cha kuchuchumaa ni shida, nasi hatuna choo kingine, basi akichuchumaa, akikohoa ama akipiga chafya aweke kiganja juu ya tundu na kupabana. Fundi atoboe kiti cha zamani kiwekwe juu ya shimo la choo, ni kazi ya nusu saa.

Mgema tumemweka peke yake. Anayepanda mnazi anakumbatia shina kwa mapaja na kuvuta mwili wote kwa kinena, asubuhi na jioni. Na mnazi hausubiri, usipougema unaharibika, na pesa ya siku ndiyo hiyo. Kwa hiyo kumwambia mgema "pumzika" bila kumpatia mtu wa kumpandia ni kama kumwambia alale njaa. Atapanda siku ya nne, tunamjua. Kikundi kimtafutie mgema mwenzake wa kumshikia minazi, wakubaliane mapema jinsi ya kugawana, na asiirudie mpaka daktari amkubalie.

Dalili za kumkimbiza hospitali, hata usiku, bila kungoja asubuhi, ni uvimbe unaokua ama unaodunda, mguu kuwa baridi, kupauka ama kufa ganzi, na homa ama usaha kwenye tundu. Iko na moja inayodanganya watu. Damu inaweza kuvuja kwa ndani, kuelekea nyuma ya tumbo, na nje msione hata tone. Mgonjwa analalamika kiuno ama tumbo upande ule, anatoka jasho baridi, anaona kizunguzungu akisimama. Msiseme ni uchovu wa safari.

Watoto pia. Hospitali ya Mater ya Nairobi, iliyofunguliwa na Masista wa Huruma mwaka 1962, ilianzisha mwaka 1993 mbio za Heart Run za kuchangia matibabu ya moyo ya watoto wa familia zisizojiweza, na wako watoto wanaotibiwa kwa mrija kupitia kinenani, kifua kisiguswe. Mtoto halali akatulia kwa kuambiwa. Mama alale naye, amsimulie, na kuruka na mpira vingoje.

Jambo la dawa ni zito kuliko tundu lenyewe. Aliyewekewa stenti anarudi na vidonge vya kuzuia damu kuganda, aspirini na mara nyingi klopidogreli. Anaona michubuko pajani, jirani anamwambia "ni hizo dawa, ziache", anaziacha. Stenti inaweza kuziba kwa ghafla, na hapo mnazika mtu aliyetibiwa kwa mchango wenu wote. Dawa haziachwi kwa ushauri wa jirani wala wa muuza duka. Aulizwe daktari. Zikiisha na pesa haipo, hilo ni jambo la kikundi kulijua kabla hazijaisha, sio baada.

Na kadi. Aliyewekewa kizibo hupewa kadi ndogo yenye jina la kifaa na tarehe. Wengi huitia kwenye mfuko wa eksirei na kuisahau. Atembee nayo, angalau hizo siku 90, kwa maana akitobolewa tena karibuni daktari lazima ajue pale pana kitu, asichome juu yake. Kama hamkupewa kadi, kabla ya kutoka wodini ulizeni maneno matatu na kuyaandika: tundu lilifungwa kwa mkono ama kwa kifaa, kifaa gani, na kinabaki ama kinayeyuka. Nakala moja iende zahanati, moja kwa mhudumu wa afya wa kijiji.

Juu ya gharama, tangu Oktoba 2024 kazi ya NHIF imechukuliwa na SHA. Hakikisheni mgonjwa amejiandikisha na kulipa mapema, na mwulizeni mtu wa bili, kwa maandishi ikiwezekana, ni nini kinacholipwa na nini hakilipwi. Kizibo kinaweza kuandikwa peke yake.

Pendekezo letu kwa waweka hazina ni hili. Katika kila shilingi 10 mnazochanga kwa mgonjwa wa namna hii, moja isiguswe mpaka atoke hospitali. Hiyo ni ya malazi ya usiku mmoja, kiti cha mbele, na dawa za mwezi wa kwanza. Na kabla hajaondoka, katibu aandike majina saba, la kila siku moja, ya kumchotea maji na kumkatia kuni. Mwenye zamu aangalie tundu pia, ama mkewe ama mumewe amwambie lilivyo. Vikundi vinavyotaka kufanya zoezi la kubana, tutabaki hapa chini ya mwembe baada ya chai. Leteni kitambaa safi na mtu mmoja mwenye saa.